"Mama, mfumo haujui korosho": yangu na sola ya kulipia kidogo kidogo

Naandika hasira bado ninayo, kwa hiyo anayetaka kujua paneli ina wati ngapi na taa zinakuja ngapi akaulize dukani. Mimi nina maneno manne niliyoambiwa kwenye simu na mpaka leo hayajatoka kichwani: "Mama, mfumo haujui korosho."

Nirudi nyuma kidogo. Aliyenifungia ni kijana mmoja mcheshi sana, alipita huku kwetu Nanyamba, Mtwara, mwaka juzi minada ya korosho ikiwa inaendelea, watu wana hela mkononi. Walijua wakati wa kuja, hilo nawapa. Alikaa barazani kwangu, akala korosho zangu za kukaanga karibu sahani nzima, ananiita shangazi. "Shangazi, huu si mkopo, hii ni kama vocha tu." Kianzio 60,000, halafu 1,000 kila siku kwa miaka mitatu, ukimaliza mali yako. Nikamwambia mwanangu, sisi huku hatuna hela ya kila siku, hela yetu inatoka mtini mara moja kwa mwaka. Akasema ndiyo vizuri zaidi, msimu ukiingia unaweka nyingi kwa mpigo, unasahau.

Hilo "unasahau" ndilo lililonisainisha. Mkataba wenyewe ulikuwa kwenye simu yake, mimi nikatia kidole kwenye kioo. Sikuusoma. Ningeusomea wapi, maandishi yenyewe kama sisimizi?

Na niseme ukweli, usiku wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Mtu ameishi na kibatari, baadaye vitochi vya kichina, halafu anabonyeza swichi chumba kizima kinawaka. Bomba la gesi linaanzia hapo Madimba, tangu 2015 gesi yetu inakwenda Dar es Salaam, mimi mwanga wangu wa kwanza wa maana naupata kwa kijana wa pikipiki. Basi haya. Msimu huo chama cha msingi, ushirika unaotuuzia korosho, kilipotulipa nikaweka 180,000 kwa mpigo. Nikasahau kweli, kama nilivyoambiwa.

Sasa njoo arobaini ya marehemu kaka yangu. Ilikuwa wakati wa kupulizia mikorosho, miezi ambayo hela inatoka tu, haiingii. Ndugu wamekuja mpaka kutoka Mikindani, wakwe zangu wapo, mapilau yako jikoni, mkeka umetandikwa. Kutwa jua lilikuwa kali, na kwenye boksi kile kitaa cha kijani kinawaka kuonyesha betri imejaa. Magharibi inaingia, ustaadhi anafungua kitabu, nabonyeza swichi. Kimya. Nabonyeza ya sebuleni, kimya. Mwanangu akaja kuangalia boksi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, siku zimeisha."

Mnielewe hapo. Haikuharibika. Betri imejaa, waya ziko sawa, taa nzima. Umeme umo ndani ya nyumba yangu, umetokana na jua la Mungu lililopiga bati nililonunua mimi, na nimezuiwa kuutumia kwa sababu ya shilingi elfu moja. Nikampa mtu simu atume hela, mtandao nao ukagoma. Hela imekatwa, namba za kufungulia haziji. Hitma ikasomwa kwa tochi ya simu ya shemeji yangu, ameishika mkono juu kama mtu anayeomba lifti. Mama mkwe hakusema kitu. Angesema ningepata nafuu.

Namba zilikuja saa sita za usiku, wageni wamelala.

Asubuhi nikapiga huduma kwa wateja. Sikupiga kugombana, nilipiga kuuliza: kwa nini nisilipe kwa msimu kama nilivyoahidiwa, deni langu lote la mwaka mkalichukua Novemba, mkaniacha nipumue? Yule binti alinisikiliza, simnyimi haki yake. Akaniambia nilichoweka kilikuwa siku 180, siku 180 zimeisha. Nikaanza kumweleza, mwanangu, Mei na Juni huku hakuna mtu mwenye hela, mpaka mnada wa Oktoba. Ndipo akanikata: "Mama, mfumo haujui korosho." Akaniuliza kama nina swali lingine.

Nauliza na mimi, ulikuja kuuza wapi? Kusini. Nani anakaa kusini? Kijana wenu alizijua korosho vizuri, alizila.

Toka siku hiyo nikachukua daftari la mwanangu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kutia kidole. Elfu moja mara siku 1,095, jumlisha kianzio, ni 1,155,000. Fundi mmoja wa Mtwara mjini aliniambia kwa laki tano ananifungia kama hiyo, na betri kubwa zaidi. Na zile siku unazofungiwa hazihesabiki, zinasogezwa mbele, kwa hiyo miaka mitatu yangu itakuwa minne. Wenzetu mjini wana jina la mikopo ya namna hii, kausha damu.

Halafu nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zikafika mtaa wa pili. Kuunganishiwa kijijini ni 27,000. Elfu ishirini na saba! Hizo ni siku 27 za sola. Nikapiga tena nikasema basi, nataka kuvunja mkataba. Wakasema sawa, watakuja kuchukua vifaa vyao, na nilicholipa nahesabiwa nilikuwa natumia. Hela za miaka miwili, kodi ya taa.

Nilishaamua waje wachukue. Kweli. Nilishawaambia na majirani wasithubutu. Kisha wiki ile ile umeme wa huko mtaa wa pili ukakatika siku mbili, na watoto wa watu wakajaa barazani kwangu na madaftari, maana ni mimi tu mwenye mwanga. Mmoja alisinzia kalamu mkononi. Nikajikuta nawachemshia uji, nasikia na raha, tena raha ya kujisifu. Sasa sijui niwaambie nini. Sola yenyewe sina ugomvi nayo. Mwenye hela taslimu anunue, asisite. Mwenye mshahara wa kila mwezi huenda hata huu mkataba asiuone mzito. Ila mkulima wa korosho, aah, sijui. Hapana. Msichukue. Au chukueni, lakini kwanza muulizeni muuzaji aseme kwa mdomo wake, Juni itakuwaje, na aandike.

Mimi nitamaliza deni, kwa ubishi tu. Betri yenyewe imeshaanza kuchoka, ikifika saa nne usiku taa zinafifia.

Juzi yule wa kufuatilia madeni alipita. Mara ya kwanza aliingia uani bila hodi wala shikamoo, akapiga picha paa langu akaondoka. Safari hii alipiga hodi. Nikampa kigoda na maji. Nikamuuliza, kwako umefunga hii ya kwenu? Akacheka, akaangalia chini. Kwake ana TANESCO.

Korosho sikumtolea.