TAHADHARI: muuza pula wa "chuma cha reli" ni TAPELI, nusura anitoe jicho

Jamani nimekaa na hii kitu siku nne nikiona aibu kuandika lakini leo nimemuona yule mtu anauza tena pula (kile kifaa chenye mikono na skrubu katikati, cha kuvutia kitu kilichogandia kitoke), jina jipya, picha zilezile, nikasema hapana hii haiwezekani, acheni tu mnicheke.

Ile dramu yangu ya breki ya gurudumu la nyuma, iliyogoma kutoka, wengi mnaijua kisa chake sina haja ya kurudia. Nilishagonga na nyundo mpaka majirani wakachoka, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku mzima, handibreki nimeshusha, ajasta (kirekebishi cha breki) nimerudisha nyuma ili viatu vya breki visikwamie kwenye ule ukingo wa ndani, bado imegandia kwenye haba, kile kitovu cha gurudumu, kama imechomelewa. Na kabla hamjaniuliza, ndio, najua dramu nyingi zina yale matundu mawili ya kuingiza bolti zikaisukuma dramu itoke yenyewe, yangu nyuzi zilishaliwa na fundi wa kwanza (huyo naye ana siku yake). Ikabaki pula tu.

Sasa nisikilizeni kwa nini nilimwamini maana najua mtasema nina tamaa ya vya bei rahisi. Huyu mtu ANAJUA KAZI. Nimemwingia inboksi, hakuniambia "lipa nitume" kama matapeli wengine, kaniuliza dramu yako kipenyo chake inchi ngapi bosi? Nikapima nikamwambia. Akasema basi usichukue ya mikono miwili itapinda upande mmoja, chukua ya mikono mitatu nguvu inagawanyika sawa, na ile skrubu ya katikati uipake grisi kwanza kwenye nyuzi. Yote kweli tupu! Mtu anayekufundisha namna ya kutumia kitu utafikiriaje anakuibia? Nikamuuliza hiki ni chuma cha kufua (cha kugongwa kikiwa cha moto) au cha kumimina (cha kuyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu), maana hilo nililijua, akanitumia voisi noti, sauti nzito ya mtu mzima, taratibu kabisa, "kaka yangu hicho ni chuma cha reli, hata wajukuu zako watakitumia". Chuma cha reli. Nikacheka na nikatuma hela palepale, yote, kabla sijaona mzigo. Nikikumbuka kile kicheko changu natamani kujizaba kofi.

Mzigo ukafika, kwanza ulikuwa mwepesi. Nikajisemea labda ni teknolojia. TEKNOLOJIA jamani! Rangi nyekundu nene inang'aa, stika imeandikwa tani 10, stika sio muhuri kwenye chuma, nikaona sawa tu.

Nikafunga. Shemeji yangu amesimama pembeni amekunja mikono, ameshaniambia mara mbili tumwite fundi na mimi nimemjibu kwa kejeli kwamba mafundi wanakula hela za bure. Nikasawazisha mikono yote mitatu ikashika nyuma ya dramu, skrubu katikati ya haba, nikaanza kukaza kwa spana, mkono wangu huu huu, sikutumia bunduki ya upepo ya kukazia nati wala sikuongeza bomba kwenye spana, msije mkaniambia nimezidisha nguvu. Ikaanza kuwa ngumu. Nikaongeza robo mzunguko. Kimya. Nikaongeza tena kidogo na ikalia TAK! moja kubwa na mimi kwa furaha nikaruka nikapiga kelele "imetoka!" nikamgeukia shemeji kumwonyesha, kumbe mwenzangu amekaa chini ameshika kichwa. Dramu iko palepale. Mkono mmoja wa pula haupo. Tumekuja kuukuta umetoboa mlango wa stoo, umepita kati yangu na yeye, na mimi usoni sina hata miwani. Mikono miwili iliyobaki ikateleza ikamega ukingo wa dramu kwa hiyo na dramu nayo kwaheri.

Pale ilipokatikia ukitazama ni kijivu chembechembe kama sukari. Kumiminwa tupu. Chuma cha kufua kinapinda kwanza unakiona unaacha, hiki hakipindi, kinakaa hivyohivyo mpaka kinaruka. Na ncha ya skrubu imesambaa kama kitako cha patasi ya zamani, yaani laini vile.

Nikampigia. Eti "umekaza vibaya kaka". Nikamtumia picha, akasoma, akaniblok.

Fundi (ndio nilimwita, na shemeji alikuwepo, nyamazeni) kaja na pula yake kuukuu haina hata rangi. Akaifunika na gunia zito, akakaa ubavuni sio mbele, akakaza kidogo, akagonga kichwa cha skrubu na nyundo mara moja, akasubiri, akakaza tena, akagonga. Haikufika dakika kumi. Hakusema neno lolote na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa huyu mtu afanywe nini? Mimi nasema wizi wa hela ni kitu kimoja, lakini unamuuzia mtu kitu unachojua kitamrukia usoni, huo si wizi tena. Afungwe. Na kabla ya kufungwa aketishwe mbele ya dramu yenye kutu apewe pula yake mwenyewe akaze mpaka mwisho bila miwani nimtazame. Na wale wanaomwachia komenti za "mzigo umefika safi" watafutwe nao maana nimewapitia wote akaunti hazina hata picha moja, na ukiandika swali pale linafutwa.

Dalili za pula feki? Nimeshazisema humo juu jamani, wepesi, stika, rangi nene. Kwangua rangi kidogo ubavuni mwa mkono, ukikuta mstari mwembamba wa kalibu umepita katikati rudisha. Ah na ile video yake ya kuonyesha pula ikivuta, itazameni tena vizuri, inakatwa kabla kitu hakijatoka, halafu inaendelea kimeshatoka. Nilikuwa nimeitazama mara tano sikuona!

Sa hivi profaili yake ina picha ya nyundo. Kama ameshakutumia ile voisi noti ya reli weka skrinshoti hapa haraka kabla hajabadilisha jina tena, na nani ana jina lake la zamani kule kwenye grupu la vipuri aniambie, nalitaka.