Kufupisha linki za makala: ninapoitumia na ninapoiacha

Naandika makala za kilimo cha mboga mjini, mchicha na matembele kwenye viroba, na wasomaji wangu wengi wako hapa hapa Dar: Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto. Nimezitumia sana TinyURL na Bitly, huduma za mtandaoni zinazogeuza linki ndefu kuwa fupi, na nimefikia msimamo mmoja. Linki fupi inafaa pale msomaji atakapoiandika kwa mkono. Kwenye WhatsApp, tuma ile ndefu.

WhatsApp ndiko makala zangu zinakosomwa, kwenye magrupu ya mtaa na ya vikoba. Watu huko wamechoshwa na linki za bando la bure na ajira hewa. Nikituma linki fupi, hakosi wa kuuliza, "Kaka, hii inatupeleka wapi?" Mama mmoja wa mtaani kwetu alisema wazi kwamba hafungui kitu asichojua kimetoka wapi, na ana haki kabisa, kwa sababu linki fupi huficha jina la tovuti. Ile ndefu huja na picha na kichwa cha makala, na hakuna anayejali urefu wake. Ukipokea ya Bitly ukaitilia shaka, ongeza alama ya + mwishoni kabla ya kuifungua, utaona inakoelekea.

Kwenye X (zamani Twitter) sioni faida ya kufupisha. Kila linki huhesabiwa herufi 23 hata ikiwa ndefu kiasi gani. Instagram ni tofauti: linki ya kwenye maelezo ya picha haibofyeki, hivyo mtu anahitaji kitu anachoweza kukikariri.

Linki fupi zimenifaa hasa kwenye karatasi. TinyURL inakuruhusu kuchagua maneno ya mwisho, nami nikachagua maneno mepesi ya Kiswahili, nikachapa vipeperushi na kuviacha kwenye duka la mbegu Kariakoo. Muuzaji anaweza kumtajia mteja linki kwa mdomo, naye akaiandika pale pale. Kwa SMS pia inasaidia, maana ujumbe mmoja una herufi 160 tu. Na takwimu za Bitly zilinionyesha kwamba watu wangu hufungua zaidi baada ya saa mbili usiku, nikaacha kutuma asubuhi wakati wamebanana kwenye daladala.

Kinachonitia wasiwasi ni uhai wa linki hizi. Huduma moja ya bure niliyoitumia ilianza kuweka ukurasa wa matangazo kabla ya makala. Msomaji anayenunua bando la siku analipia matangazo ambayo sikuyaweka mimi, na jambo hilo liliniudhi sana. Hata ukubwa wa kampuni si dhamana: Google iliacha kutengeneza linki mpya za goo.gl, huduma yake ya kufupisha linki, mwaka 2019, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba za zamani nazo zitazimwa, ingawa baadaye ililegeza kwa zile ambazo bado zinatumika. Kipeperushi kilichobandikwa ukutani huwezi kukirekebisha.

Kwa hiyo vipeperushi vya mvua za vuli vitakuwa na linki fupi za kikoa changu mwenyewe, yaani jina la tovuti yangu kisha neno moja tu. Makala ikihama, nitabadilisha inakoelekea bila kuchapa upya, na msomaji ataona tangu mwanzo anakwenda kwa nani.