Jioni ya Muziki wa Klasiki Dodoma: Chakula Kizuri, Tungo Zilizokatwa Katikati

Ijumaa mbili za mwezi uliopita nilikula chakula cha jioni katika mgahawa mmoja ulio upande wa Kisasa, hapa Dodoma, ambao umeanza kutoa huduma isiyo ya kawaida katika mji wetu: vijana watatu, mmoja akiwa na kinanda, wa pili violini na wa tatu gitaa, huwapigia wageni muziki wa klasiki wa Ulaya kuanzia saa mbili hadi saa nne usiku. Sitautaja mgahawa huo kwa jina, kwa kuwa wapigaji wake bado ni wanafunzi na kasoro nitakayoieleza inaweza kurekebishwa kwa mazungumzo.

Kuhusu chakula sina malalamiko. Kuku wa kienyeji alichomwa bila kukaushwa, mlenda ulikuwa umeungwa kwa karanga kama unavyopikwa kwa Wagogo, ugali wa uwele uliletwa ukiwa bado moto, na divai nyekundu ya zabibu za Makutupora ilimiminwa kwa kipimo cha haki. Shilingi 35,000 kwa kiti, pamoja na muziki, ni bei ambayo ningeilipa tena.

Walianza na Kanoni ya Johann Pachelbel, mtunzi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1706. Utungo huu umejengwa juu ya besi ya noti nane inayorudiwa mara 28 bila kubadilika, na juu ya besi hiyo violini tatu hufuatana, ya pili ikirudia yale yale yaliyotangulia kupigwa na ya kwanza, na ya tatu ikirudia ya pili. Kwa kuwa violini ilikuwa moja tu, mpiga kinanda alishika besi kwa mkono wa kushoto na sauti ya pili kwa mkono wa kulia, na gitaa likachukua sauti ya tatu. Mpangilio huo ulikuwa wa ustadi, nami niliegemea kiti nikitegemea kusikia jinsi sauti zile tatu zinavyosukana hadi mwisho. Lakini katika kumbi nyingi za harusi mjini hapa Kanoni hiyo hupigwa kwa spika bibi harusi anapoingia, na haukupita muda mrefu kabla ya mama mmoja wa meza ya jirani kupiga vigelegele. Simlaumu, kwani masikio yake yalimpeleka pale yalipozoea kwenda. Ninachokilaumu ni kwamba wapigaji nao walikubali kwenda huko huko: walikatisha utungo katikati, mahali pale pale ambapo ukumbini bibi harusi huwa ameshafika kitini, na jigi, ile ngoma fupi ya haraka ambayo Pachelbel aliiandika ifuate baada ya Kanoni, haikuguswa kabisa.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye. Mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tutapigiwa wimbo wa Celine Dion, na kilichofuata kilikuwa sehemu ya pili ya Konseto ya Pili ya Kinanda, utungo mrefu wa kinanda na okestra, ya mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff. Ni kweli kwamba muziki wa beti za "All by Myself", wimbo ambao Eric Carmen aliutoa mwaka 1975 na ambao Celine Dion aliurekodi upya miaka ya 1990, umechukuliwa kutoka hapo, na ni kweli pia kwamba warithi wa Rachmaninoff walipewa sehemu ya mapato ya wimbo huo. Hata hivyo, mtu anayetangaziwa Celine Dion husubiri Celine Dion. Ukumbi mzima uliimba, kwa moyo na kwa sauti nzuri, maneno ambayo hayamo katika utungo huo, na kiitikio kilipokosekana watu wakaona kuwa wapigaji wamekosea. Mwalimu mwenzangu wa kwaya, ambaye amefundisha sauti nne kwa miaka mingi kuliko mimi, aliniinamia akauliza, "Mwalimu, hivi huyu Mrusi ndiye aliyeiga?" Swali lake lilinikosesha raha usiku ule wote.

Rachmaninoff hakuiga. Simfoni yake ya kwanza, yaani utungo mrefu wa okestra nzima, ilipopigwa mwaka 1897 ilishutumiwa vikali, naye akakaa karibu miaka mitatu akishindwa kutunga kitu chochote kikubwa, hadi alipotibiwa na daktari Nikolai Dahl, ambaye ndiye aliyetunukiwa konseto hii ilipokamilika mwaka 1901. Sehemu hiyo ya pili haianzi na ule muziki unaojulikana. Inaanza na ala za nyuzi za okestra peke yake, katika ufunguo ule ule wa huzuni ambamo sehemu ya kwanza ilimalizikia, nazo husogea polepole, hatua kwa hatua, hadi ufunguo wa mbali wenye mwanga. Ndipo kinanda huingia kwa noti zinazotiririka, na juu yake filimbi huleta ule muziki, kisha klarineti huupokea. Msikilizaji aliyepitishwa katika mlango huo huupokea muziki ule kama faraja, ilhali aliyerushwa moja kwa moja ndani yake hukutana na wimbo wa redioni tu. Vijana wetu waliuruka mlango huo wote.

Mambo yaliendelea hivyo hivyo. Mpiga gitaa alipiga vipimo vichache (visehemu vifupi vya mapigo) vya Gran Vals ya Francisco Tárrega, Mhispania, utungo wa mwaka 1902 ambao Nokia waliufanya mlio wa simu zao, akaishia pale pale unapoishia mlio wa simu. "Für Elise" ya Beethoven, ambayo mjini tunaisikia kwenye magari ya mizigo yanaporudi nyuma, ilipigwa kile kipande cha mwanzo peke yake, bila ile sehemu ya baadaye ambamo mkono wa kushoto hugonga noti moja ya chini tena na tena, na ambayo hakuna gari linaloipiga.

Siamini kwamba wimbo maarufu unauchafua utungo wa zamani kwa kuuazima. Wakristo wanaoimba Ijumaa Kuu ule wimbo wa kichwa kilichovikwa miiba wanatumia sauti ambayo mtunzi Mjerumani Hans Leo Hassler aliichapisha mwaka 1601 katika wimbo wa mapenzi, na hakuna anayeugua mapenzi kanisani kwa sababu hiyo. "Aleluya" ya Handel, iliyosikika kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, nayo imetumiwa katika matangazo na vichekesho vya kila aina, lakini kwaya zetu, za Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, huiimba Krismasi na Pasaka kutoka nota ya kwanza hadi ya mwisho, na ndiyo maana kwetu haijaharibika. Mazoea mabaya hukaa katika vile vipimo vichache ambavyo kila mtu anavijua. Mpigaji anayevitoa hivyo tu huwa ameyachagua mazoea hayo kwa niaba ya wasikilizaji wake.

Ijumaa ya pili nilifika mapema nikawaeleza vijana jambo hili. Mpiga violini alinijibu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu. Sisi tunapenda kupiga yote, ila tukianza mwanzo wageni wanaongea." Jibu lake lilikuwa la haki, kwani waliongea kweli. Wapigaji walikubali kujaribu ile sehemu ya pili ya Rachmaninoff yote, kinanda kikitwaa kazi ya nyuzi na violini kazi ya filimbi, na kwa dakika mbili za kwanza mazungumzo yalikuwa makubwa kuliko muziki. Muziki unaojulikana ulipofika, meza kadhaa zilianza kuimba. Halafu ikaja ile sehemu ya katikati inayochangamka, ambayo hakuna mtu mwenye maneno yake, na uimbaji ukafa wenyewe. Na sauti ile iliporudi karibu na mwisho, mpiga violini akiivuta polepole, sikusikia mtu akiimba, ingawa wote walikuwa wameitambua.

Mgahawa wenyewe ungeweza kuusaidia muziki huu kwa mambo madogo: kuchapisha majina ya watunzi kwenye orodha ya vyakula, kumpa mshereheshaji maelezo sahihi, na kusimamisha kwa nusu saa ile mashine ya kusaga juisi iliyo karibu na kinanda. Anayekwenda akae meza za ukutani, mbali na jiko, na Kanoni inapokaribia kwisha amwombe mpiga violini awapigie na jigi. Wanayo nota yake, nimeiona.