Nililipia nesi na dula, nikasuguliwa mgongo na mpiga deki

Sitaki kumharibia mtu riziki, kwa hiyo jina simtaji. Ila hasira ninazo bado, na mtoto sasa anakaa.

Mimba ya kwanza, mwenzenu niliogopa leba kuliko kifo. Shoga yangu akaniambia kuna dada hapa Dar, nesi mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hapohapo ni dula: anakaa na wewe tangu uchungu unaanza hadi mtoto anashika titi. Mama mkwe, mtu wa Tanga, akacheka. "Hiyo si kazi ya somo? Siku hizi mnailipia?" Tukalipia. Nusu tulituma kwa simu siku ya kwanza, na hazikuwa hela za vitumbua.

Kabla ya siku yenyewe sina neno. Alikuja nyumbani mara tatu, akamfundisha mume wangu kunikandamiza kiuno kwa viganja. Akatusomea kuhusu uchambuzi wa 2017, wanawake zaidi ya 15,000: anayekaa na mtu wake leba muda wote ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kawaida. Muda wote, kumbukeni hilo neno. Akasisitiza pia: "Sitakupima wala kukuchoma sindano. Manesi wa zamu wapo. Mimi ni wako."

Sasa tufike wodini. Alfajiri, uchungu umepamba moto, nimeinamia kitanda, kanga imelowa jasho, yeye ananisugua mgongo kwa mafuta ya nazi na kweli naona nafuu. Nesi wa zamu akaja, akanipima, akasema njia imefunguka sentimita nne, akaandika kwenye chati ya leba, isipoenda nitawekewa dripu ya uchungu. Ule mkono mgongoni ukasimama.

"Sista, nne bado. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 wanahesabu leba imeshika kasi kuanzia tano."

"Kwani wewe hapa umekuja kama nesi au kama ndugu wa mgonjwa?"

Haikuisha. Leseni yako unafanyia wapi, umesoma chuo gani, chati ya zamani, chati mpya ya 2020. Wanabishana juu ya mgongo wangu kana kwamba ni meza ya ofisini. Uchungu ukaja, ukapita, ukaja mwingine. Napeleka mkono nyuma kumtafuta, nashika hewa. Nikamwita. "Subiri kidogo, mpenzi." Subiri! Niuambie nani asubiri, huo uchungu?

Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki ndiye aliyeegemeza mopu ukutani, akanawa mikono, akaja kunibana palepale kiunoni. "Pumua mwanangu. Unapita huo, unapita." Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kinanukia dawa ya kudekia. Hakuniuliza sentimita ngapi.

Dula wangu akatolewa nje. Nikamalizia na yule yule nesi wa zamu, ambaye, haki isemwe, mtoto alimpokea vizuri.

Kwa hiyo nawaambia, msichukue nesi awe dula. Anaona chati, anasahau mtu. Bora dada yako asiyejua hata sentimita ni nini.

Ila... dripu sikuwekewa. Baada ya ule ubishi yule sista aliacha mambo yaende, na yakaenda yenyewe. Na nilipotoka hospitali, maziwa yamejaa, matiti magumu kama mawe, nalia usiku kuliko mtoto, aliyekuja ni huyohuyo. Alikaa na mimi mpaka mtoto akashika, akanipikia uji wa pilipili manga, hakudai nauli. Kuhusu wodini akasema tu, "Nilikuacha dada, najua." Nikanuna. Bado nimenuna.

Nyota moja. Haya, mbili. Wifi yangu ana mimba ya miezi saba, ameniomba namba na nimempa. Nimemwambia tu amuulize mapema: siku hiyo, unesi utauacha nyumbani?