Teksi nyeusi za London kwa msafiri wa kiti cha magurudumu

Mama yangu alihamia kwangu kutoka Tanga akiwa ameshapata kiharusi, na tangu hapo tumepanda teksi nyeusi za London mara nyingi mno, hasa kwenda na kurudi kliniki. Jamaa wanaojiandaa kuja huku na wazee wao huniuliza kama teksi hizo zinafaa kweli kwa mtu asiyeweza kuinuka kitini. Jibu langu ni kwamba zinafaa, ila zinafaa kwa sababu ya masharti ya leseni, na masharti hayo hayana nguvu sawa katika kila gari ambalo mtu anaweza kuliagiza Uingereza.

Nianze na safari yenyewe. Dereva husimama kando ya barabara, hufungua mlango wa nyuma, kisha huvuta rampu iliyofichwa chini ya sakafu ya gari na kuiteremsha hadi ukingo wa njia ya waendao kwa miguu. Mama husukumwa ndani akiwa amekaa kwenye kiti chake, magurudumu hufungwa kwa mikanda, na yeye mwenyewe hufungwa mkanda wake. Katika teksi za zamani msafiri wa kiti huelekezwa nyuma, mgongo wake ukiwa upande wa dereva. Katika teksi mpya za umeme, zile za LEVC TX, hukaa akitazama mbele. Siku ya kwanza tulipopanda hii mpya mama alinyamaza hadi tulipovuka daraja, kisha akasema, "Mwanangu, leo angalau naona ninakopelekwa, si nilikotoka." Mimi ningetoa alama za juu kwa hilo peke yake.

Jambo la pili ninalolitazama kila safari ni mita ya kuhesabu nauli. Dereva anayeijua kazi yake haiwashi mpaka kiti kimefungwa, kwa kuwa muda wa kumpandisha msafiri na kufunga mikanda si sehemu ya safari anayopaswa kuilipia. Sheria ya Usawa ya 2010, katika kifungu cha 165, inamtaka dereva wa gari lililoorodheshwa kuwa linabeba viti vya magurudumu ambebe msafiri akiwa kitini mwake, ampe msaada unaohitajika kwa kadiri inayofaa, ahakikishe usalama wake, na asimtoze chochote cha ziada. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Dereva mwenye tatizo la kiafya linalomzuia kusukuma au kuinua hupewa cheti cha msamaha, na ni lazima akiweke mahali kinapoonekana garini, kwa hiyo mwenye shaka atazame kioo cha mbele kabla ya kugombana na mtu.

Anayetoa leseni kwa teksi hizi ni mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London, na tangu mwaka 2000 teksi nyeusi isiyoweza kubeba kiti cha magurudumu haipewi leseni. Hapo ndipo ninapoona ubora wa mfumo wenyewe. Huhitaji kuagiza gari maalumu siku mbili kabla wala kumweleza mtu kwenye simu ugonjwa wa mama yako, kwa sababu teksi yoyote inayopita na taa yake ya paani imewaka, ishara kwamba haina abiria, unaipungia mkono kama mtu mwingine yeyote. (Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania nayo ni ya mwaka 2010, lakini nyumbani mama alikuwa akibebwa mikononi na kiti kukunjwa na kutiwa kwenye buti.)

Nje ya London mambo hubadilika, kwa kuwa leseni hutolewa na halmashauri za miji na wilaya, na kila moja ina masharti yake. Hadi mwaka 2022 halmashauri ilikuwa na hiari ya kuweka au kutoweka orodha ya magari yanayobeba viti vya magurudumu, na mahali pasipo orodha wajibu wa kifungu cha 165 haukumbana dereva. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 28 Juni 2022 imezilazimisha halmashauri zote kuwa na orodha hiyo. Tulipokwenda kumzuru shangazi katika mji mmoja usio mbali na London, niliagiza kwa simu teksi ya kampuni ya huko. Dereva alipofika alitaka pauni 10 zaidi, akisema kupakia kiti kunampotezea muda. Nililipa, maana mvua ilikuwa inanyesha na mama ameloa miguu, lakini nilipiga picha kibao cha leseni kilichokuwa nyuma ya gari. Kumbe kilikuwa cha halmashauri nyingine kabisa, kwani teksi za kuagiza huweza kufanya kazi mbali na zilikopewa leseni. Malalamiko niliyoyapeleka kwenye halmashauri ya mji ule yalirudishwa na maelekezo ya kuyapeleka kwa waliotoa kibao, na bila ile picha nisingejua wapi pa kuanzia.

Teksi nyeusi nazo zina kasoro. Nauli yake inauma, ingawa mkazi wa London mwenye ulemavu mkubwa wa kutembea au wa kuona anaweza kuomba Taxicard, mpango unaogharimiwa na halmashauri za jiji pamoja na Transport for London, ambao hupunguza sana gharama. Idadi ya teksi imekuwa ikishuka, na tangu Januari 2018 gari jipya haliwezi kuandikishwa kuwa teksi kama haliwezi kwenda bila kutoa moshi, sharti zuri kwa mapafu yetu lakini lililofanya magari yawe ghali kwa madereva. Sisi tunaokaa pembezoni tunaliona hilo usiku, tunaposimama nusu saa barabarani bila kuona taa. Na kiti kikubwa cha umeme kinaweza kukataa kuingia au kugeuka ndani, kwa hiyo mwenye nacho akipime kabla ya siku ya safari. Kipimo kinachotumika katika sheria ni urefu wa milimita 1,200, upana wa 700, na kimo cha 1,350 msafiri akiwa amekaa. Kiti cha mama, cha kusukuma kwa mkono, huingia na nafasi hubaki ya mimi kukaa kando yake na kapu letu la dawa.