Jioni nne za sheria ya vita jijini Mbeya

Kwa shilingi 30,000 nilihudhuria, katika baridi ya Julai, mafunzo ya jioni nne yaliyotolewa katika ukumbi mmoja usio mbali na Kabwe, kuhusu uhalali wa nchi kupeleka majeshi nje ya mipaka yake kupambana na makundi ya kigaidi. Tulikuwa walimu wa uraia, wanafunzi wa sheria na askari wastaafu wawili, ambao ndio waliouliza maswali mazito kuliko sisi wengine wote.

Jioni ya pili peke yake ilistahili fedha zangu. Mkufunzi alianza na ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, kisha akaeleza njia tatu za kupita katazo hilo kihalali: idhini ya Baraza la Usalama, haki ya kujilinda iliyotajwa katika ibara ya 51, na ridhaa ya serikali ya nchi inayoingiwa. Kikosi cha SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kilichokwenda Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 2021, Tanzania ikiwemo, kiliingia kwa ridhaa ya serikali ya huko, kwa hiyo uhalali wake hauna mvutano mkubwa. Ugumu ulianza tulipofika Mashariki ya Kati, ambako mwaka 2014 Marekani ilipiga kundi lilelile la Dola la Kiislamu katika nchi mbili zinazopakana: Irak kwa kuombwa na serikali ya huko, lakini Syria bila ridhaa ya serikali ya Damascus, kwa hoja kwamba nchi isiyotaka au isiyoweza kuwazuia magaidi haiwezi kulalamika wengine wakijilinda ndani ya ardhi yake. Hoja hiyo haimo katika maneno ya Mkataba, na mkufunzi hakuficha kwamba nchi nyingi hazijaikubali.

Jioni ya tatu, iliyopaswa kuhusu malengo ya kutumia nguvu, yaani nchi inapiga ili kupata nini, ilikuwa hafifu, na hapo ndipo ninapowalaumu waandaaji. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe 20 mwezi huohuo Marekani ikarusha makombora kwenye kambi za al-Qaeda, kundi lililoshutumiwa kwa mabomu hayo, nchini Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum, Sudan, ikitaja ibara ya 51. Madai kwamba kiwanda kilihusika na silaha za kemikali yamepingwa vikali tangu wakati huo. Mmoja wa wale wastaafu akauliza, “Mwalimu, siku 13 baadaye, huko ni kujilinda au ni kulipa kisasi?” Sheria inaruhusu la kwanza na kukataza la pili, na tofauti yao imo katika lengo, lakini mkufunzi aliahidi kulirudia swali hilo na hakulirudia. Afghanistan ya 2001 hadi 2021, vita vilivyoanza kwa kuwasaka al-Qaeda na kumalizika Taliban wakiwa wamerudi Kabul, ilipewa dakika 10.

Chai ya Tukuyu ilikuwa nzuri. Makabrasha yote yalikuwa ya Kiingereza, ingawa somo lilifundishwa kwa Kiswahili, jambo ambalo sikulielewa.

Nasikia mafunzo yatarudiwa Iringa. Atakayehudhuria naomba amuulize mkufunzi swali la yule mzee mapema, jioni ya kwanza.