Jumamosi mbili zizini Dole

Mzee na bibi wenye zizi hili la Dole, hapa Unguja, hawana bango wala ukurasa mtandaoni. Ukiteremka Dole uliza kwa mzee wa maziwa, mtoto yeyote atakufikisha. Kuna ng'ombe 6, mbuzi ambao sikuwahi kuwahesabu, na bata wanaokatiza ukumbini kama wenye nyumba. Kwa shilingi 10,000 familia nzima inashinda hapo: watoto wanalisha majani, wanashika ndama, wanatazama ng'ombe wakikamuliwa, na mnapewa chai ya maziwa kwa muhogo wa kuchemsha. Muhogo ulikuwa mzuri, umepasuka wenyewe. Chai sukari nyingi mno.

Mie sikwenda kutembea. Tunakaa mjini, kwenye majumba ya Michenzani, ghorofa ya 4, na mwanangu wa mwanzo, miaka 6, ana pumu. Mdogo wake ana miezi 8. Shoga yangu mmoja nesi ndiye aliyenitia hamu, akanambia watoto wanaokulia karibu na ng'ombe pumu haiwapati sana. Nikasoma mwenyewe usiku ule, simu mkononi, mtoto anakohoa pembeni.

Na mambo yenyewe yana kichekesho kwa sisi wa Michenzani, maana majumba yetu haya waliochora ni Wajerumani wa Mashariki. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, daktari wa watoto wa Munich, Erika von Mutius, na wenzake walikwenda kuwapima watoto wa huko mashariki, Leipzig na Halle, kwenye moshi wa makaa ya mawe. Walitaraji kukuta pumu tele. Wakakuta pumu na mafua ya chavua vimezidi kwao Munich. Mashariki kilichozidi ni bronkaiti, uvimbe wa njia za hewa kifuani. Baadaye watafiti wakageukia wenye mifugo. Uchunguzi uliotoka mwaka 2001, wa vijiji vya Austria, Ujerumani na Uswisi, ulikuta kwamba katika watoto walioanza kuingizwa zizini na kunywa maziwa ya shambani kabla ya kutimiza mwaka, wenye pumu ni kama 1 tu kati ya 100. Walioanza baada ya hapo, baina ya mwaka 1 na 5, ni 11 kati ya 100.

Nilipofika kwenye namba hiyo niliwatazama wanangu wawili waliolala. Mmoja keshapitwa, mmoja bado yumo.

Basi tathmini yangu ni mbili kwa bei moja. Kwa huyu mdogo, pahala hapa ni pazuri sana. Kutoka mlango wa jiko mpaka zizini ni hatua 14, nilizihesabu, na hilo si jambo dogo. Huko Marekani walilinganisha jamii mbili za wakulima zenye asili inayokaribiana, Waamishi wa Indiana na Wahutteri wa South Dakota. Waamishi wanalima kwa farasi na mazizi yao yako karibu na nyumba. Wahutteri wana mashamba makubwa ya mashine, watoto mbali na mifugo. Watoto wenye pumu kwa Waamishi ni kama asilimia 5, kwa Wahutteri 21, na vumbi la nyumba za Waamishi lilikuwa na mabaki ya bakteria karibu mara 7 zaidi. Inaonekana vumbi hilo linaufunza mwili mapema usishtuke ovyo.

Bibi mwenye nyumba alimpokea mtoto kwangu bila ya kuuliza, akamweka kwenye mkeka chini ya mwembe. Ndama akaja akamlamba unyayo. Ulimi wa ndama ni msasa, nimeujaribu kwa kiganja changu, lakini mtoto alicheka mpaka akapata kwikwi. Kisha akatia jani mdomoni. Nikakurupuka, bibi akanishika mkono: "Muache, mwanangu. Kwani wewe hukula mchanga?" Nilikula.

Kwa huyu mkubwa, sasa. Jumamosi ya kwanza, ilipoingia saa 11 jioni, mzee akafukiza makumbi ya nazi na samadi kavu kufukuza mbu. Moshi ukatujia wote. Dakika chache tu kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi, mabega juu, maneno hayatoki. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa mkobani pamoja na chupa yake ya kuvutia, alhamdulillahi, akatulia. Mtu mwenye pumu tayari, zizi halimtibu, na vumbi la majani makavu au moshi unaweza kumwamsha. Wenyeji walipaswa kuuliza kabla. Jumamosi ya pili niliwaambia mapema, na mzee akahamishia kifukizo chini ya upepo bila ya kununa. Hapo nimemwongezea nyota.

Nimempunguzia kwenye maziwa. Alimletea mwanangu kikombe cha maziwa mabichi, povu bado juu. "Mpe, mama. Pumu yote itatoka." Nikamwambia, "Ahsante mzee, tutayachemsha kwanza." Kwa kweli zipo tafiti za Ulaya zilizohusisha maziwa yasiyochemshwa na pumu kupungua, lakini watafiti wenyewe hawayashauri, kwa sababu bruselosisi na kifua kikuu cha ng'ombe hupita humo humo. Mzee alicheka, akasema watu wa mjini tunaogopa kila kitu. Nikanunua lita 2, nikachemsha nyumbani mpaka yakafurika jikoni.

Kunawa nako kuna kasoro: ndoo moja, kata moja, sabuni hakuna. Vumbi sawa, lakini mkono uliotoka kwenye samadi na kushika muhogo ni jambo jingine. Chukueni sabuni yenu.

Nyota 3 na nusu kati ya 5. Ng'ombe hukamuliwa saa 11 alfajiri na saa 9 mchana, nendeni ile ya mchana. Viatu vya wazi acheni nyumbani, na mtoto wa pumu asitoke bila dawa yake. Sisi tunarudi wiki ijayo. Bibi ameshasema ndama yule ni wa mwanangu.